Jinsi ya kupima frikwensi ya stima na mapigo ya sensa kwa data loga

Maswali yanayonifikia ni yale yale, na wanaouliza ni wa aina mbili. Wa kwanza ana jenereta. Labda ni duka la samaki Likoni lenye friza kadhaa, labda ni nyumba ya wageni Nyali. Stima ya Kenya Power ikikatika anawasha mtambo wake, na anataka kujua kama hezi 50 (mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde) anazoahidiwa ni hezi 50 kweli. Wa pili ana kisima Kisauni au Bamburi, amefunga sensa ya mtiririko kwenye bomba na anataka kujua lita zinazopita. Wote wameshika data loga (kifaa cha kupima na kuhifadhi namba chenyewe), wamechomeka waya, na wamepata namba zisizoeleweka: 100 badala ya 50, au 53 kisha 47, au sifuri tupu.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Data loga haijui frikwensi ni nini. Inajua kuhesabu mapigo na kutazama saa. Ukiipa mapigo machafu itahesabu uchafu. Ukiipa saa isiyo sahihi itagawanya kwa muda usio sahihi. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu ni kusafisha mapigo na kuikagua saa. Programu yenyewe ni fupi.

Onyo la kwanza

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, hezi 50. Waya wa volti 240 haugusi bodi wala data loga yako, hata kwa kupitia rezista kubwa, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Rezista hupunguza mkondo lakini haikutenganishi na laini. Ukishika kompyuta iliyochomekwa kwenye bodi hiyo, umeshika stima. Tutatumia transfoma ndogo kutenganisha, na baada yake optokapla, yaani chipu inayopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana. Kama unahitaji sehemu ya kuunganishia ndani ya bodi ya fyuzi au ya swichi ya jenereta, muite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) akuwekee soketi. Wewe fanya kazi kuanzia soketi kuja huku.

Vifaa vya kuwa navyo

- Bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe), au data loga ya kununua yenye chaneli ya mapigo. Hatua zangu zinafuata Arduino kwa sababu ndiyo wengi wanayo. Mwenye loga ya kununua asome kitabu chake achague hali inayofaa: swichi inayofunga na kufungua, mapigo ya volti kamili, au wimbi dogo la AC (umeme unaogeuka mwelekeo).
- Moduli ya kadi ya SD na kadi iliyofomatiwa FAT32.
- Moduli ya saa ya DS3231. Usiibadilishe kwa DS1307 ya bei nafuu. Utaona sababu kwenye hatua ya 4.
- Adapta yenye transfoma, ya 240 kwenda volti 9 AC. Soma kibandiko chake. Chaja ya simu inatoa DC, umeme usiogeuka mwelekeo, na ndani ya DC hakuna tena hezi za kupima. Kosa hili nalikuta mara nyingi kuliko yote.
- Optokapla PC817, daiodi 1N4148, rezista ya kiloomu 2.2 na nyingine ya kiloomu 10, kapasita ya nanofaradi 10 na ya nanofaradi 100.
- Chipu ya 74HC14, ya kunyoosha mapigo (hatua ya 1 inaeleza).
- Multimita yenye sehemu ya hezi.
- Chanzo cha umeme kwa loga ambacho si hiyo jenereta unayoipima. Betri ya volti 12 na kipunguza volti ndiyo nzuri. Pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na loga ni mzigo mdogo sana.
- Kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Nadharia kidogo, ya kutosha kazi

Kuna njia mbili za kupata hezi.

Ya kwanza ni kuhesabu mapigo ndani ya muda uliopangwa. Ukihesabu kwa sekunde 1 utapata 49, 50 au 51 na huwezi kuona kilicho katikati. Ukihesabu kwa sekunde 10 unaona hatua za 0.1. Njia hii inafaa mapigo mengi ya haraka.

Ya pili ni kupima muda uliotumiwa na mizunguko kadhaa kamili, kisha kugawanya. Tuseme mizunguko 50 imechukua mikrosekunde 1,002,340. Gawanya 50 kwa sekunde 1.002340, unapata hezi 49.88. Kwa muda ule ule wa sekunde moja umepata desimali mbili ambazo njia ya kwanza isingekupa. Kwa stima na jenereta tumia hii ya pili.

Njia isiyofaa kabisa ni kusoma volti mara moja kila sekunde kwenye chaneli ya kawaida ya analogi, kisha kutafuta wimbi kwenye grafu. Ukisoma wimbi la hezi 50 mara 49 kwa sekunde, grafu itakuchorea wimbi safi la hezi 1 ambalo halipo popote. Ili kuliona wimbi lazima usome zaidi ya mara mbili ya hezi zake, na ukitaka umbo lake, mara nyingi zaidi ya hapo. Sisi hatutaki umbo, tunataka mapigo.

Hatua kwa hatua

1. Jenga saketi ya kusafisha mapigo.

Toka kwenye adapta ya volti 9 AC, waya mmoja uende kwenye rezista ya kiloomu 2.2, kisha mguu wa 1 wa PC817 (ule wenye kidoti). Waya wa pili uende mguu wa 2. Weka daiodi 1N4148 sambamba na miguu hiyo miwili lakini kwa mwelekeo wa kinyume: upande wenye mstari uelekee mguu wa 1. Usiiruke daiodi hiyo. Taa ndogo iliyo ndani ya PC817 inavumilia volti 6 tu za kinyume, na volti 9 AC hufika karibu 13 kileleni. Bila daiodi, optokapla inaweza kufanya kazi jioni na asubuhi ukaikuta imekufa.

Upande wa pili, mguu wa 3 uende kwenye graundi ya Arduino. Mguu wa 4 uvutwe juu kwenda volti 5 kwa rezista ya kiloomu 10, na kapasita ya nanofaradi 10 itoke hapo kwenda graundi. Hapo hapo mguu wa 4 uingie kwenye mlango mmoja wa 74HC14, na jibu la mlango huo liende pini ya 2 ya Arduino.

Wengi huuliza kwa nini 74HC14, kama optokapla yenyewe tayari inatoa mapigo. Ni kwa sababu wimbi la stima hupanda polepole, na optokapla hupanda polepole pamoja nalo. Likipita kwenye ule mpaka wa sifuri na moja, mtetemo mdogo tu wa umeme hulifanya livuke, lirudi, livuke tena, na Arduino inahesabu pigo moja kama matatu. Chipu hii ina mipaka miwili, mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka, kwa hiyo mtetemo mdogo hauipotezi. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu yake ya umeme, na milango usiyoitumia iunganishe maingilio yake na graundi. Yakiachwa yaning'inie, yanadaka kelele.

2. Unganisha saa na kadi.

DS3231 hutumia pini za A4 na A5 kwenye Uno. Kadi ya SD hutumia pini za 11, 12 na 13, pamoja na pini ya kuchagulia, mara nyingi 10 au 4. Iangalie kwenye moduli yako, usikisie. Na kama moduli yako ya saa ni ile yenye sehemu ya kuchaji, usiiwekee betri ya CR2032 isiyochajiwa kabla ya kukata njia ya chaji.

3. Andika programu.

Nitaeleza mpangilio wake, kwa sababu anayenakili bila kuelewa ndiye atakayekwama wiki ijayo.

Weka intarapti (kipande cha programu kinachokatiza kazi nyingine pigo likifika) kwenye pini ya 2 pigo linapopanda. Ndani ya intarapti fanya mambo machache tu: soma micros(), yaani saa ya bodi inayohesabu mikrosekunde, na kama hazijapita mikrosekunde 8,000 tangu pigo lililopita, likatae pigo hilo na uongeze kihesabio cha yaliyokataliwa. Kama zimepita, lihesabu. Usiandike kwenye kadi ndani ya intarapti. Usitumie delay() ndani yake.

Pigo la kwanza ni la kuanzisha saa. Pigo la 51 ndilo linalofunga mizunguko 50. Hapa watu hupotea: mapigo 51 yana nafasi 50 kati yake. Ukigawanya 51 badala ya 50, kila namba yako itakuwa juu kwa asilimia 2, yaani hezi 51 badala ya 50, na utamlaumu fundi wa jenereta bure.

Vigezo vya muda viwe unsigned long (namba kubwa isiyo na hasi), na vile vinavyoguswa na intarapti viwe volatile (visomwe upya kila mara). Unapovisoma kwenye loop (sehemu ya programu inayojirudia), zima intarapti kwa kitambo kifupi, nakili, washa tena.

Kila sekunde andika mstari mmoja: tarehe, saa, hezi, na idadi ya mapigo yaliyokataliwa. Baada ya kila mstari tumia flush(), inayosukuma data kwenye kadi papo hapo, ili stima ikikatika ghafla usipoteze faili. Siku nzima ni mistari 86,400, ambayo kwa kadi ya kawaida ni kitu kidogo.

Ile safu ya mapigo yaliyokataliwa ipende. Programu nyingi zinayakataa kimyakimya, na mwenye kipimo anaona 50.02 akaridhika. Safu ikisoma sifuri siku nzima, ishara yako ni safi. Ikisoma mamia, hezi unazoziona zimeokolewa na programu na saketi yako bado ina kasoro.

4. Kagua saa ya bodi kabla ya kugusa stima.

Bodi nyingi za Uno zinatumia risoneta ya seramiki, na hiyo inaweza kupotoka kufika asilimia 0.5. Kwenye hezi 50 hiyo ni robo ya hezi, yaani zaidi ya kile unachotaka kukiona. DS3231 yenyewe ni ya sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzijoto 0 na 40. Basi tumia saa nzuri kuipima ile mbovu.

Chomoa 74HC14 kwenye pini ya 2. Iamuru DS3231 itoe mapigo ya hezi 1 kwenye pini yake ya SQW, uivute juu kwenda volti 5 kwa rezista ya kiloomu 10, kisha iunganishe na pini ya 2. Pima muda wa kila pigo na uchukue wastani wa dakika moja. Jibu kamili ni mikrosekunde 1,000,000. Ukipata 1,003,000, bodi yako inakimbia kwa asilimia 0.3, na kila hezi utakayoipata izidishe kwa 1.003. Ukipata 997,000, zidisha kwa 0.997. Iweke namba hiyo kwenye programu na uiandike kwa kalamu juu ya bodi, maana kila bodi ina yake.

Fanya ukaguzi huu kisanduku kikiwa kimefungwa na kimepata joto la mahali kitakapokaa. Mchana wa kaskazi chini ya mabati si sawa na meza ya sebuleni.

Usichukue stima ya ukutani kuwa kipimo cha kusahihishia. Frikwensi ya gridi hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika. Inachofaa ni kulinganisha: Mombasa na Nairobi ziko kwenye gridi moja, kwa hiyo loga yako Changamwe na ya mwenzako Tononoka zikiwa sahihi zitapanda na kushuka pamoja.

5. Unganisha adapta na ulinganishe.

Rudisha 74HC14 kwenye pini ya 2, chomeka adapta kwenye stima ya ukutani kwanza, si kwenye jenereta. Multimita ikiwa kwenye hezi, iweke upande wa volti 9. Namba mbili zikikaribiana kwa sehemu ndogo ya hezi, na mapigo yaliyokataliwa ni sifuri, hamia kwenye jenereta.

6. Pima jenereta kwa mzigo unaobadilika.

Kipimo cha jenereta isiyo na mzigo hakikwambii kitu kikubwa. Washa mtambo, uache upate joto, loga ikiandika. Kisha ongeza mzigo mmoja mmoja: taa, friza ya kwanza, friza ya pili. Andika kwenye daftari saa uliyowasha kila kimoja, hadi sekunde. Bila daftari hilo grafu ni milima na mabonde yasiyo na majina.

Jenereta ya kawaida yenye gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) ya kimakanika huwekwa juu kidogo bila mzigo, kama hezi 52 hivi, ili ishuke karibu na 50 ikibeba mzigo wake. Hilo si hitilafu. Kompresa ya friza inapoanza, hezi huzama sekunde moja au mbili kisha hurudi. Ndiyo maana tunaandika kila sekunde. Ukiandika wastani wa dakika, mzamo huo unafutika, nao ndio unaokuonyesha kama mtambo unaziweza friza zako au unazilazimisha. Kama ni lazima uandike kwa dakika, hifadhi pia ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Faida ya ziada: hezi zinakupa kasi ya injini. Jenereta ya poli (ncha za sumaku) mbili, zidisha hezi kwa 60; hezi 50 ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Ya poli nne, zidisha kwa 30, ni 1,500. Hezi zikiyumba juu na chini kwa mpigo unaojirudia wakati mzigo haubadiliki, angalia chujio la mafuta na gavana kabla ya kununua chochote. Jenereta za inveta ziache. Frikwensi yao inatengenezwa na elektroniki, injini ikienda mbio au polepole ni mamoja.

Kwa anayepima maji

Sensa kama YF-S201 hutoa mapigo ya volti 5 yenyewe, kwa hiyo huhitaji transfoma wala optokapla. Ipitishe kwenye 74HC14 tu, hasa waya ukiwa mrefu kutoka kisimani. Kwa sensa hiyo, hezi gawanya kwa 7.5 unapata lita kwa dakika. Hezi 60 ni lita 8. Usiamini 7.5 bila kujaribu: jaza ndoo ya lita 20 iliyopimwa, hesabu mapigo yote, na utumie namba yako mwenyewe. Zuio la mikrosekunde 8,000 lipunguze liwe 1,000, la sivyo utayakataa mapigo halali maji yakienda kasi.

Na weka kikomo cha kusubiri. Pampu ikizimwa, pigo la mwisho limeshapita na programu isiyo na kikomo itaendelea kuandika mtiririko ule ule usiku kucha. Sekunde 5 zikipita bila pigo, andika sifuri.

Ikikataa

*Inasoma 100 badala ya 50.* Umeweka daraja la daiodi nne, au umetumia optokapla ya AC kama H11AA1. Hizo hutoa pigo kwa kila nusu ya wimbi. Gawanya kwa mbili, au urudi kwenye saketi ya hatua ya 1.

*Inasoma sifuri.* Pima kama adapta inatoa AC kweli. Kisha mguu wa 4 wa PC817: ukikaa volti 5 bila kushuka, upande wa taa umekufa au umegeuzwa. Ukikaa sifuri siku zote, rezista ya kiloomu 10 haijafika volti 5.

*Mapigo mengi yanakataliwa.* Waya wa ishara unatembea bega kwa bega na waya wa stima. Utenganishe, tumia jozi iliyosokotwa, na graundi iwe moja.

*Multimita au loga ya kununua inasoma maelfu ya hezi.* Unapima baada ya kiendesha mota cha pampu ya sola. Kifaa hicho hukatakata umeme kwa kasi kubwa, na unachokihesabu ni makato. Soma frikwensi kwenye kioo chake chenyewe.

*Namba moja ya ajabu kila baada ya dakika 71 hivi.* micros() imejaa na kuanza upya sifuri. Kigezo chako kimoja si unsigned long. Ukikibadilisha, kutoa kunajisahihisha kwenyewe.

*Faili haionekani kwenye kadi.* Maktaba ya SD ya Arduino inakubali jina la herufi 8 tu na nyingine 3 za mwisho. HEZI01.CSV inakubalika, kipimo_cha_jenereta.csv haikubaliki.

*Ilisoma vizuri miezi kadhaa, sasa inarukaruka.* Fungua kisanduku utazame skrubu za kuunganishia. Hapa pwani shaba iliyo wazi hufanya ukungu wa kijani, na mahali waya ulipobanwa unaweza kuonekana mzima huku nyuzi za ndani zimeliwa. Vuta kila waya kidogo kwa vidole. Unaotoka, kata hadi ufike shaba inayong'aa, weka lagi (kichwa cha chuma cha waya) mpya ya kubana, kaza, badilisha vifuko vya silika, na urudie hatua ya 4 kabla ya kuirudisha kazini.